Mnada wa Mizani ya Mkunga

Mshona mapazia aliiona mizani ya marehemu mama yake kwenye simu, kazini, alipokuwa akitafuta pete za kuning'inizia mapazia. Akasimamisha cherehani. Ilikuwa mizani ya shaba, sahani yake imebonyea ukingoni, na mahali pa mnyororo uliokatika zamani pamefungwa kamba ya bluu. Mama huyo alikuwa mkunga, na katika sahani ile aliwapima watoto wa mtaa mzima, wa kwake wawili wakiwamo. Nyuma ya mizani ulionekana ukuta wa jikoni uliobanduka rangi ya kijani. Hapakuwa na haja ya kuuliza muuzaji ni nani. Dada yake mkubwa alikuwa akiumaliza urithi wa nyumba, kitu kimoja baada ya kingine, kwenye soko la mnada la mtandaoni, ambako watu hupandishiana dau mpaka dakika ya mwisho.

Ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemezana mwaka wa tatu sasa. Mama alipougua, mkubwa ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani miezi saba. Mdogo alituma fedha na kuahidi kuja wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa haifiki. Siku ya maziko mkubwa akamwambia mbele ya majirani, "Wewe umekuja kuaga jeneza. Mama uliniachia mimi." Maneno yale yalimkaa mwilini kama ncha ya sindano iliyokatikia kidoleni, na ubaya wake ni kwamba hayakuwa ya uongo.

"Si umpigie tu?" alisema Mzee wa Pasi, ambaye kazi yake pale karakana ilikuwa kunyoosha mapazia, na kazi yake ya pili kunyoosha watu. "Dada, nipe mizani ya mama. Maneno matano hayo."

"Atanikatia simu."

"Akikata umepoteza nini? Salio?"

"Mzee wangu, wewe piga pasi."

"Napiga. Ila pasi haina masikio, wewe unayo."

Hakupiga simu. Alifungua akaunti, akajiita Mshonaji, akaweka dau. Kisha akafanya jambo ambalo hakumweleza mtu. Chini ya picha palikuwa na sehemu ya kumuuliza muuzaji maswali, ambayo kila mpita njia huweza kuisoma. Akaandika: "Kamba ya bluu ni ileile iliyokatwa kwenye pazia la chumba cha watoto?" Waliokata kamba ile walikuwa wao wawili, siku mnyororo ulipowakatikia mikononi, wakaifunga haraka kabla mama hajarudi. Hakuna mwingine duniani aliyeijua siri hiyo. Dada akisoma, alijiambia, atamjua anayebisha hodi.

Hodi haikuitikiwa. Swali lilikaa pale chini siku tano, peke yake, huku dau likipanda. Siku ya sita mtu aliyejiita Mkusanyaji akampita katika dakika ya mwisho, na mnada ukafungwa.

Asubuhi iliyofuata alikuta ujumbe.

"Habari za asubuhi. Mimi ni muuzaji wa mizani. Aliyeshinda amejitoa. Nimelisoma tena swali lako la kamba ya bluu, na moyo wangu unaniambia kitu hiki kiende kwa anayekijua. Nakupa kwa dau lako la mwisho. Tusipitie sokoni, watatukata ada bure. Tuma kwenye namba hii kabla ya saa sita, maana kuna mwingine anaiulizia."

Aliusoma mara nne. Miaka mitatu hakuwa amesikia kutoka upande ule hata salamu, na leo, "moyo wangu unaniambia". Akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha bitana, akampelekea Mzee wa Pasi simu ili naye aone. Mzee akaisimamisha pasi, akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Mwanangu, hapa pananuka."

"Pananuka nini?"

"Tazama. Akaunti hii imefunguliwa jana. Ile iliyoitangaza mizani ni nyingine. Halafu anakutoa nje ya mlango wa soko. Ukishatoka, huna wa kumshitakia. Na haraka hii ya saa sita ni ya nini? Mizani inaoza?"

"Anaona haya kuniandikia kwa akaunti ile. Wewe humjui dada yangu."

"Simjui, kweli. Basi mpigie wewe unayemjua."

"Nikimpigia tutagombana. Hapa ameshasema vizuri. Niache nisiharibu."

Mzee akavua miwani. "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," alisema, nusu kwa mzaha, akarudi kwenye meza yake. Lakini hakupiga pasi; alisimama akimtazama.

Alipoingiza namba, simu ikamwonyesha jina la mwenye namba: la mwanamume asiyemfahamu. Kidole kikasita. Labda ni mchukuzi anayempakilia vitu, alijiambia, labda jirani. Mtu aliyekwisha kuamua hakosi labda. Akatuma. Fedha zile alikuwa amezitenga kubadilisha mota ya cherehani, ambayo siku hizo ilikuwa ikikohoa kama mgonjwa.

"Asante. Itafika Jumatano," alijibiwa.

Jumanne alipigilia msumari ukutani, juu ya meza yake ya kukatia. Jumatano alivaa gauni la kutokea, maana huenda dada angeileta kwa mkono wake. Alhamisi aliandika kuuliza, asijibiwe. Ijumaa akaunti ile haikuwapo tena, na Mzee wa Pasi akamsogezea kiti na simu.

Iliita mara mbili tu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mdogo wako."

"Nimejua. Nilitaka useme."

"Dada, mizani imekwama njiani?"

"Mizani gani? Aliyeshinda alikuja na gari Jumapili, akaifunga kwenye blanketi, akaondoka nayo."

"Hakujitoa?"

"Ajitoe kwa nini? Alilipa palepale sokoni, siku ileile."

Akaeleza yote, na dada alipouliza ameandikiwa nini hasa, akamsomea ujumbe mpaka mwisho.

"Mimi niandike, 'moyo wangu unaniambia'?" alisema dada. "Tangu lini?"

"Nilidhani umebadilika."

"Sijabadilika." Kisha sauti yake ikashuka. "Swali lako nililiona siku ileile."

"Mbona hukujibu?"

"Ningejibu nini mbele ya soko zima? Nilisema, mwenye swali hili ana namba yangu. Ulipopandisha dau, nikaweka simu karibu. Nimepika nayo, nimefua nayo. Nikasema, sasa atapiga."

"Ungeiondoa mnadani."

"Na wewe ungepiga."

Tapeli huyo asiye na sura alikuwa amelisikia swali lililoulizwa kwa sauti kubwa, akaliitikia yeye.

"Kuna chochote kilichobaki pale nyumbani?" aliuliza mdogo.

"Hakuna. Ile ilikuwa ya mwisho. Kesho nakabidhi funguo."

Kisha dada, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimamia mambo, akasema, "Fungua ukurasa wa malalamiko. Watakwambia fedha hazirudi, kwa kuwa zilipita nje. Jaza hivyohivyo, asije akamla na mwingine."

Wakajaza pamoja. Mkubwa alisoma upande wake tarehe ya mnada na jina la akaunti halisi. Mdogo akaandika, kama alivyokuwa akiandikishwa masomo ya nyumbani zamani, jikoni, mama akiwa amekwenda kuzalisha. Namba iliyopokea fedha. Jina lililoonekana. Muda.

"Swali la tisa," alisema mdogo. "'Je, ulimfahamu muuzaji halisi kabla ya mnada?'"

"Ruka hilo."

"Haliruki. Ni la lazima."

"Basi weka ndiyo."

Akaweka ndiyo. Chini yake pakafunguka kisanduku kikubwa, cheupe, chenye maelezo kwamba herufi zisizidi mia tano. Akalisoma swali la kisanduku hicho kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua:

"'Kwa nini hukuwasiliana naye moja kwa moja?'"

Akasubiri aandikishwe. Upande wa pili, dada yake alikuwa akipumua tu.