Kunde Zilizoonewa Huruma

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, msichana ambaye majirani walimwita Kimya alitoka uani kuzitazama kunde zake. Alizipanda kwenye makopo, kisha akazinyima maji kwa makusudi ili ajue ni mbegu ipi inayostahimili ukame. Profesa mmoja wa chuo cha mbali alikuwa akitafuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uzalishaji wa mbegu, na leo mchana angempigia Kimya simu kumsaili. Jaribio hilo la kunde ndilo pekee alilokuwa nalo la kumwonyesha.

Leo alikuta udongo umelowa chapachapa.

"Baba!"

Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alitokea na ndoo mkononi. "Umezitupa, mwanangu. Siku hizi wewe na kompyuta, kompyuta na wewe. Zilikuwa zinakata roho! Nikazionea huruma."

Kimya aliipokea ile ndoo. Angemlaumuje? Hakuwahi kumwambia kinachomkalisha kwenye kompyuta. Tangu mama yake afariki walibaki wawili tu, na kila alipotaka kusema kwamba anatafuta nafasi ya kwenda mbali, ulimi ulikuwa mzito.

Akavuta kigoda, akakaa, machozi yakimlengalenga. Jua likapanda. Ndipo alipoona mche mmoja umeinua majani, wima, ilhali wenzake wote bado wameinamisha vichwa. Akakimbilia kalamu.

Profesa alipopiga, Kimya alisema ukweli. "Zilimwagiliwa maji. Na baba. Alizionea huruma."

Profesa alicheka mpaka akapaliwa. "Mvua nayo hainyeshi kwa ruhusa yetu. Haya, niambie, mche upi uliinuka kwanza?"

Kimya akasahau haya zake, akaeleza na kueleza: majani, mizizi, mbegu ipi angependa kuichanganya na ipi. Profesa alimwacha amalize.

"Nafasi ni yako, binti, ukiitaka. Zungumza na watu wa nyumbani, kisha unijibu."

Alipogeuka, baba yake alikuwa mlangoni, kichwa upande.

"Maneno yote hayo umeyatoa wapi wewe? Au ndiye mkwe wangu huyo?"

"Si mkwe, baba."

"Basi nani?"

Kimya alimshika mkono. "Baba, nataka kwenda kusoma. Mbali. Nataka sana, na naogopa kukuacha peke yako."