Mabawa ya Nzi

Wateja walimwita kinyozi yule Kona, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikata kona kuelekea puani, naye aliupokea utani huo kwa moyo mkunjufu.

"Kona, unaninyoa mimi au huyo wa kwenye kioo?"

"Nyote wawili, ila atakayelipa ni wewe."

Kwa hiyo macho ya mwanawe yalipoanza kupishana angali ananyonya, Kona hakuona msiba. Daktari aliwasihi mtoto apasuliwe kabla hajatimiza mwaka, ili macho yajifunze kushirikiana. Kona akakataa katakata. Kitoto kile kichomwe dawa ya usingizi kwa ajili ya sura tu?

"Asubiri akomae. Mbona mimi sijapungukiwa kitu?"

Mkewe alilia, akabembeleza, mwishowe akanyamaza.

Mtoto, waliyempachika jina la Bosi, alipasuliwa akikaribia miaka mitatu. Macho yakanyooka. Majirani wakapongeza, na Kona akatembea kifua mbele hadi siku waliporudi kliniki kumpima.

Daktari alimvalisha Bosi miwani myeusi, akamwekea mezani picha ya nzi mkubwa.

"Mshike mabawa, baba."

Bosi akaugonga ukurasa kwa vidole. Akaambiwa tena, akaugonga tena.

"Si ameshika?" Kona aliuliza.

Daktari alimpa mama ile miwani. Mkewe Kona aliivaa, akaurudisha mkono ghafla. "Toba! Ameinuka!" Kisha, taratibu, vidole vyake viwili vikabana hewa tupu juu ya karatasi.

Kona akacheka. Hakuna aliyemuunga mkono. Akaivaa miwani yeye mwenyewe: nzi alikuwa bapa, kama picha yoyote ya ukutani.

"Acha mzaha, Mama Bosi. Unashika nini?"

"Bawa, Baba Bosi. Si hili hapa? Hulioni?"

Hakuliona. Maisha yake yote wenzake walikuwa wakiona kitu ambacho yeye hakuwahi kukitamani, kwa kuwa hakujua kwamba kipo.

"Atajifunza?" aliuliza.

"Ubongo huyaunganisha macho mawili katika miezi ya mwanzo, ndipo vitu huonekana vimeinuka," daktari alisema. "Tungewahi, nisingewaahidi, lakini tungekuwa na tumaini. Sasa silioni. Atasoma, atacheza, atafanya kazi. Kina cha vitu atakikisia."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

Mkewe hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Alijitanda shali, akatangulia nje, akazishuka ngazi za saruji haraka pasipo kutazama chini.

Bosi alisimama ukingoni, akanyoosha mguu, akapapasa. Kona akamshika mkono amwonyeshe namna ya kushuka. Ndipo alipogundua kwamba hata mguu wake mwenyewe ulikuwa hewani, ukiitafuta ngazi.

"Twendeni basi," mkewe aliita kutoka chini. "Mnangoja nini?"