Pa Kulala Bosi

Hivi wewe, mwanao akikwambia panda gari tukatafute pa kulala leo, na kitanda umeshakitandika tangu juzi, utamjibu nini?

Elinipa alijibu, "Haya, ngoja nivae viatu."

Alikuwa amesimama getini kwake, huku juu ya Kikatiti, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, akiliangalia gari lililoegeshwa barabarani. Lilikuwa gari-nyumba, refu kama lori la maziwa, lenye vitanda, jiko na hata choo humo humo ndani. Mwanawe Aminieli alilikodi Nairobi anakofanya kazi, akawazungusha mkewe na mtoto mpaka Tanga likizo hii, na sasa walikuwa njiani kurudi. Ulibaki usiku mmoja tu. Kesho yake asubuhi wavuke mpaka wa Namanga. Tangu msiba wa baba yake Aminieli alikuwa hajakanyaga hapo, na hata siku ile ya msiba wenyewe alikuja akageuza bila kulala.

Kwa ajili ya usiku huo mmoja Elinipa alikuwa amekata kahawa. Ile mibuni ya kando ya njia, aliyoipanda marehemu mumewe kwa mkono wake, aliikata kwa panga na msumeno wa kuazima ili gari lipate kupita hadi uani. Akasawazisha pale penye mteremko, akamwaga changarawe. Ndani akatandika shuka alizozipiga pasi ya mkaa. Loshoro, chakula cha kwao cha mahindi na maziwa ya mgando, akalipika, akalifunika. Na kwa kuwa alisikia kwenye simu kwamba mbwa naye yumo safarini, alifua gunia, akalijaza majani makavu ya mgomba, akaliweka nyuma ya mlango wa jiko pasipopita upepo. Mbwa wake mwenyewe hajawahi kupewa godoro.

Aminieli aliviona visiki. "Mama, umeanza kung'oa kahawa?"

"Zilishazeeka," akasema.

Alivyolelewa yeye, mzazi hambembelezi mtoto alale kwao. Mtoto ndiye huuliza, "Mama, nalala wapi?" na mzazi humwonyesha mlango. Basi alikuwa anangoja aulizwe.

"Hatutaki kukusumbua, mama," alisema Aminieli. "Mbwa mwenyewe huyu, Bosi, hawezi kulala nje. Analala kitandani na mjukuu wako Princess, hata kusema naona aibu. Na mimi nakumbuka ulivyokuwa ukitimua mbwa jikoni. Simu inatuonyesha kambi za kuegesha magari kama hili tu, haisemi ipi inampokea mbwa vizuri. Wewe unaijua nchi hii. Twende ukatuchagulie."

Mkewe, Tabea, alicheka. "Mama, huyu mbwa ndiye mkwe wako mkubwa. Mimi nilikuja nyuma yake."

Ndani ya gari Bosi alikuja akaweka kichwa juu ya magoti ya Elinipa. Alikuwa mbwa mkubwa, mzee, mvi zimemjaa mdomoni. Elinipa hakumsukuma.

"Ananukia kuliko bibi harusi," akasema.

"Ni shampuu yake, bibi," akajibu Princess. "Mimi ndiye namwogesha."

Kambi ya kwanza ilikuwa hapo hapo Kikatiti, nyuma ya baa ya nyama choma. Mwenye kambi, kijana wa kofia, alisema mbwa anaruhusiwa bila shida, wapo wengi tu.

"Nimewaona," alisema Elinipa. Aliinama, akaokota mfupa wa kuku kwenye majani, kisha kipande cha chupa, kisha mfupa mwingine. "Mwanangu, mfupa wa kuku ukishachomwa unapasuka kama sindano. Mbwa huyu atameza, usiku mtamtafutia wapi daktari? Na muziki huu mtoto halali."

Hakuna alilolitunga. Lakini alipokuwa anarudi garini, moyo wake ulikuwa mwepesi, akajionea haya.

Hifadhini hawakwenda, maana huko mbwa haruhusiwi na kila mtu anajua. Wakavuka mji hadi Kisongo. Pale palikuwa pazuri kwa macho: nyasi zimekatwa, uzio wa waya, bafu la maji moto. Dada wa mapokezi alitabasamu, akawaonyesha banda la mbwa. Lilikuwa la mabati, nyuma ya jenereta.

"Analala humu peke yake?" aliuliza Tabea.

"Ndiyo utaratibu, dada. Wageni wengine wanaogopa."

Wakati huo huo ndege ikapita juu ikitafuta uwanja, na Bosi akajisukuma chini ya meza ya mapokezi, mkia kati ya miguu. Princess akaingia naye chini ya meza. "Baba, akilala kule kwenye bati, mimi nalala naye."

Wakatoka. Aminieli akakaa kwenye ngazi ya gari, simu mkononi, amechoka. Elinipa alikuwa ndani, upande wa pili wa dirisha lililoachwa wazi. Alijisemea moyoni, sasa ataniuliza. Akajiandaa hata na jibu, jepesi, lisilo na makuu: twendeni nyumbani basi.

Akamsikia Tabea akisema kwa sauti ya chini, "Kwa nini tusirudi kwa mama?"

"Hapana, Tabea. Humjui mama yangu. Tukilala pale hatapumzika. Atatupa kitanda chake, yeye alale kwenye jamvi, alfajiri yuko jikoni anahangaika na moshi. Kifua kile. Nitakaa Nairobi najilaumu mwaka mzima. Acha apumzike."

Na ilikuwa kweli. Jamvi lilishakuwa tayari, limekunjwa nyuma ya kabati. Sasa mtu anayekukataa kwa huruma utamjibu nini? Akikukataa kwa kiburi utagomba naye, akikukataa kwa uchoyo utamsuta. Lakini huyu alikuwa anampenda, na kwa upendo huo huo alikuwa anamwachia nyumba tupu.

Aminieli aliingiza kichwa mlangoni. "Mama, sasa tufanyeje?"

Elinipa akaliacha lile jibu alilokuwa amejiandaa nalo.

"Jaribuni Oldonyo Sambu," akasema. "Iko njia ya Namanga, kesho hamtarudi nyuma. Koikai aliyekuwa ananunua ndama kwa baba yako ameweka kambi. Ana roho nzuri."

Njia nzima aliangalia nje. Migomba ilishabaki nyuma, sasa ni mashamba ya mahindi yaliyokauka na vumbi linalotembea peke yake. Mlima Meru, ambao yeye kila asubuhi anaufungulia dirisha, ulikuwa umemgeuzia mgongo usio na msitu, akauona kama mlima wa watu wengine.

Koikai aliwapokea na fimbo kwapani, mkewe Nkasiogi nyuma yake.

"Mama Aminieli, shikamoo. Leo umeletwa na nyumba yenyewe?"

"Marahaba, Koikai. Tunatafuta pa kulala mbwa."

Koikai alimtazama Bosi akishuka ngazi polepole kama mzee wa kanisa. "Huyu anajua ng'ombe kweli? Akimwona mbuzi si atamwomba wapige picha?"

"Anaogopa mbuzi," alisema Princess, na Nkasiogi akacheka mpaka akashika mlango.

"Basi tutamlinda sisi. Mbwa aliyekuja na gari lake, mimi ni nani nimfukuze? Wa kwangu nawafunga kule bomani. Alale na nyinyi humo humo."

Princess alimshika bibi yake mkono. "Bibi, kagua kama kule kwingine."

Elinipa akakagua. Alipapasa nyasi akitafuta kupe, hakuona, maana mbuzi hawalishwi upande ule. Alitikisa waya, akasukuma geti, likafunga vizuri na komeo lake. Alifungua bomba la tenki, akakinga maji kwenye kiganja, akayaonja. Aliuliza daktari wa mifugo yuko wapi, akaonyeshwa nyumba yenye bati jekundu, karibu kabisa. Ardhi ilikuwa sawa, gari halitalala upande.

Wote walikuwa wanamtazama. Alijua angesema neno moja tu, fisi, na mtoto angekuwa wa kwanza kurudi garini. Hata Koikai asingembishia, angedhani mama ana sababu zake. Bosi alishajilaza juu ya nyasi, tumbo juu, miguu hewani.

"Bibi, ni pazuri?"

"Ni pazuri," alisema Elinipa.

Ikawa hivyo. Mawe yakawekwa nyuma ya matairi, turubai la kivuli likavutwa, viti vikakunjuliwa. Tabea alimfungia mkate na chupa ya mafuta ya kupikia kwenye mfuko. Koikai alikuwa anateremka mjini na gari lake aina ya Noah, akasema atamfikisha mama mpaka getini. Elinipa alimkumbatia Princess, akamwambia ale vizuri. Akawaza shuka zile, nani atazilalia. Akawaza loshoro, sufuria nzima, na yeye siku hizi anakula kijiko kimoja.

Jua lilikuwa linashuka. Aminieli alimfungulia mlango wa Noah, akamwekea kanga vizuri ili isibanwe.

"Ahsante, mama. Nilijua wewe ndiye utatuokoa." Alikuwa anatabasamu kama alipokuwa mdogo, jino moja limepanda juu ya jingine. "Umezunguka nasi kutwa nzima na hujasema hata neno la kwako. Kuna kitu unataka? Niambie tu."

Koikai alishawasha gari. Elinipa alishika ukingo wa mlango usifungwe.

"Nilitaka ulale nyumbani," alisema. "Usiku huu mmoja, mwanangu. Nilitaka ulale nyumbani."