Hatua Arobaini za Mto Zizima

Katika nchi ya Unyendo, mahali ambapo tambarare huchoka kuwa tambarare na kuanza kujikunja, ulikuwepo mji mdogo ulioitwa Pindiko, uliojengwa kandokando ya mto Zizima. Mto wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu aliyesimama ng'ambo hii aliweza kumrushia ndimu mwenzake wa ng'ambo ile, na ndimu ikafika bila kulowa. Ulikuwa mto usio na haraka, wenye maji ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na wenyeji waliamini kwamba ulilala mchana kama paka na kujigeuza usingizini, kwa maana kila baada ya miaka mingi ukingo mmoja ulisogea hatua mbili tatu na ule wa pili ukaufuata, na hakuna aliyewahi kuuona ukifanya hivyo.

Juu ya mji, kwenye Kilima cha Juani, waliishi wakubwa saba wa Baraza la Kamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja wao alijifunga kiunoni kamba ya kupimia ardhi, yenye fundo kwa kila hatua, na cheo cha mtu kilijulikana kwa mizunguko ya kamba yake. Mwenye mzunguko mmoja alipima viwanja vya makaburi, mwenye mitatu alipima masoko. Bwana Mkwiji, Mshika Kamba Mkuu, alikuwa na mizunguko tisa, na akitembea kamba zake zililia kama bawaba za mlango wa zamani. Wakubwa hao hawakupenda kushuka mtoni. Waliutazama wakiwa kwenye baraza za nyumba zao, na kila walipoutazama waliona jinsi ulivyokuwa mzuri, kisha wakaona jinsi uzuri huo ulivyokuwa umeangukia mikononi mwa watu wenye kucha chafu.

Kwani sheria ya tangu mji ulipoasisiwa iliigawa ardhi ya Pindiko katika kanda tatu. Ukanda wa Usingizi ulikuwa wa nyumba za kuishi. Ukanda wa Sauti ulikuwa wa maduka na masoko. Na hatua arobaini kutoka majini, kila upande, zilikuwa Ukanda wa Mikono, ambako haikuruhusiwa kujenga kwa mawe, na ambako madobi, wafinyanzi na watia rangi nguo walifanya kazi miguu yao ikiwa majini. Kanda hizo zilichorwa kwenye ramani ya kitambaa iliyotundikwa katika Ukumbi wa Baraza. Mtunzaji wa ramani alikuwa Fumbwe, mwanamume mpole wa makamo ambaye kila mwaka kabla ya mvua aliipaka rangi upya, na aliyekuwa amekaa ukumbini miaka ishirini bila mtu kumsikia akisema neno. Rangi alizipata kwa Kidawa, mtia rangi nguo, mwanamke mrefu mwenye mikono iliyokolea nili mpaka viwikoni. Mashimo ya nili ya Kidawa yalichimbwa ukingoni na mama yake, na kila mtia rangi alijua kwamba nili ikishazoea shimo lake haihamishiki. Ukiihamisha, inakufa.

Siku moja Bwana Mkwiji alilitangazia Baraza kwamba mto Zizima ulikuwa mvivu. Alisema kuna mito katika nchi nyingine iliyozungukwa na majumba ya ghorofa, wageni wakikaa juu ya maji na kunywa vinywaji vya baridi, ilhali mto wa Pindiko ulikuwa ukifua mashuka ya watu. Akapendekeza kwamba Ukanda wa Mikono ubadilishwe uwe Ukanda wa Vioo, wajenge humo wenye uwezo wa kujenga kwa mawe na vioo, na wale waliokuwamo wapewe viwanja Uwanda wa Kiberiti, kule ardhi inakopasuka kwa jua na ambako hata kunguru hupita bila kutua.

Sheria ilitaka jambo kama hilo lijadiliwe hadharani kwa siku tatu, nalo likajadiliwa. Siku ya kwanza wakubwa walisema peke yao. Siku ya pili wakasema wenye maduka, na wengi waliafiki, kwa kuwa mgeni anywaye kinywaji baridi hununua na kitu kingine. Hata baadhi ya wafinyanzi waliafiki. Mmoja alieleza kwamba binti zake walikuwa wamechoka kukanyaga udongo na huenda wangepata kazi ya kufuta vioo, na hakuna aliyemcheka, maana udongo wa Zizima ulikuwa mzito kweli. Siku ya tatu watu wa ukingoni wakaomba kupiga kura. Karani akawasomea kifungu kilichosema kwamba mwenye maslahi haamui: yeyote mwenye makao au kazi katika ukanda unaojadiliwa atasikilizwa, lakini kura hana. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa huzuni, kana kwamba kifungu hicho kiliwaumiza wao zaidi.

Hapo ndipo Kidawa aliposimama.

"Bwana Mkubwa, kura sina, nina swali," alisema. "Huu mto hujigeuza. Ukihama, hizo hatua arobaini zitabaki pale pale au zitaufuata?"

Bwana Mkwiji alifikiri kidogo. Aliiona katika mawazo yake ardhi mpya ambayo mto ungeisogelea mwaka baada ya mwaka, na akaona kwamba mwenye akili asingeiacha hivi hivi.

"Zitaufuata," akajibu. "Popote Zizima ulipo, sheria ipo. Na yeyote atakayekutwa ndani ya hatua hizo bila jumba la vioo, atahama kabla ya mwezi kuandama."

"Basi iandikwe hivyo," Kidawa akasema, akaketi.

Ikaandikwa, ikapigiwa kura, ikapita. Wako waliodai baadaye kwamba Kidawa alitega mtego siku ile. Mwenyewe alikana. Alisema aliuliza kwa sababu aliona aibu kurudi nyumbani bila kusema kitu.

Fumbwe aliagizwa apake ukanda mpya kwenye ramani. Alishuka mtoni akamkuta Kidawa akikoroga shimo lake kwa mti, akasimama hapo muda mrefu, akitazama povu la zambarau likizunguka. Mwishowe akasema kwamba ametumwa kutafuta rangi ya kioo.

"Kioo hakina rangi," Kidawa alimwambia.

"Ndiyo sababu nimekuja kwako."

"Na ukikataa kupaka?"

"Atapaka mwingine."

Kidawa aliutoa mti shimoni, akaukung'uta. "Basi paka wewe," alisema. "Wewe angalau utapaka polepole."

Akampa majivu meupe yaliyolowekwa, na Fumbwe akapaka kwa siku kumi na moja kipande ambacho siku nyingine angekimaliza kwa asubuhi moja. Wanasimulia kwamba kila brashi ilipogusa kitambaa, mahali fulani ukingoni nyasi zilififia, na aliyekuwa akifua hapo alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni, akaanza kukusanya nguo zake bila kujua kwa nini. Siku ya kumi na moja ukingo wote ulikuwa mweupe na mtupu. Watu walikuwa wamekwisha kwenda. Kidawa alibeba nili kidogo katika chungu, amekifunika kwa kanga yake na kukipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Alipokifunua kule Uwanda wa Kiberiti, alikuta maji tu, yasiyo na harufu wala rangi. Aliyamwaga. Tangu siku hiyo alisuka mikeka, na mikono yake ikaanza kuwa ya rangi ya mikono ya watu wengine, jambo lililomsumbua kuliko jua.

Majumba yakajengwa. Yalikuwa marefu na membamba, yakiwa na baraza zilizotanda juu ya maji kwa nguzo za mawe, na kila jumba lilitaka baraza yake itokeze mbele kidogo kuliko ya jirani, hata mto ukabanwa ukawa kama mtu aliyekaa katikati ya watu wanene. Wageni walikuja. Walikunywa vinywaji vya baridi, wakajitazama katika vioo, na ni wachache walioinama kuutazama mto. Zizima ukanyamaza. Wale waliopita karibu walisema hawausikii tena ukipumua.

Ikaja masika, na asubuhi moja, saa ya chai, mto uliamka.

Haukufurika. Hakuna ukuta ulioanguka wala mtu aliyezama. Ulijikusanya tu kutoka chini ya zile baraza, ukajivuta hadi nje ya mji, ukageuka, na ukaanza kukipanda Kilima cha Juani. Hakuna aliyeweza kueleza maji yalivyopanda. Yalipanda kama mzee apandavyo ngazi, yakipumzika kila baada ya mwinuko, na watu waliacha chai zao wakatoka kuyasindikiza, wakitembea kandokando yake kwa utulivu, kama wanaompeleka bibi harusi. Huko juu mto ukapita kati ya nyumba za wakubwa saba, ukiipindia kila moja kwa adabu na bila kubomoa hata ua, kisha ukateremka upande wa pili. Huku chini yakabaki majumba ya vioo yakitazamana juu ya matope, na kambare wachache wakigaagaa humo.

Baraza lilikutana siku hiyo hiyo. Karani alisoma sheria kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo: popote Zizima ulipo, hatua arobaini, asiye na jumba la vioo atahama kabla ya mwezi kuandama. Wakubwa wakapima kwa kamba zao wenyewe. Nyumba iliyokuwa mbali kuliko zote ilikuwa hatua ishirini na mbili kutoka majini. Basi Bwana Mkwiji alisema hakuna haja ya maneno mengi, watapiga kura kuibadilisha sheria, na wakati huohuo akamwamuru Fumbwe auchore mto mahali ulipokuwa zamani, kwa kuwa ramani ndiyo inayojua.

Fumbwe alikuwa amesimama kando ya ramani, brashi mkononi. Wale waliokuwapo wanasema uso wake ulibadilika, si kwa ujasiri, bali kwa uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka akafika mahali ambapo kuutua ni rahisi kuliko kuendelea.

"Wakubwa zangu," alisema, "mwenye maslahi haamui. Ninyi mnakaa ndani ya ukanda. Mtasikilizwa, lakini kura hamna."

Walimtazama kama watu waliosikia kabati likisema. Karani alipekua kitabu chake mara mbili, akakiri kwamba ndivyo kilivyosema. Waliojenga vioo nao walikuwa na maslahi, wenye maduka walikuwa wamekodi vyumba katika majumba hayo, na wakazi wengine walifanya kazi humo. Walipohesabu watu wote wa Pindiko wasio na kitu mtoni, hawakupata isipokuwa wale waliopelekwa Uwanda wa Kiberiti.

Wakaitwa. Walikuja saba kwa niaba ya wenzao, Kidawa akiwa wa mwisho, miguu yao imepauka kwa vumbi jeupe, na wakaketishwa kwenye viti ambavyo hawakujua wakalie vipi, maana vilitengenezwa kwa viuno vyenye kamba. Siku mbili waliwasikiliza wakubwa wakilalamika. Siku ya tatu alisimama Bwana Mkwiji. Hakuzungumzia nyumba yake wala cheo chake. Alisema ana mama mzee, Bi Mashavu, ambaye hajatoka uani kwa miaka thelathini, na kumhamishia Uwanda wa Kiberiti ni kumzika. Alipotaja jina hilo sauti yake ilikatika, na hakuna aliyedhani anaigiza.

Wenzake Kidawa walimgeukia. Mmoja wao, yule mfinyanzi mwenye mabinti, alimnong'oneza kwamba na wao walikuwa na mama zao siku walipohamishwa, na wawili hawakumaliza mwaka. Kidawa alijua, kwa kuwa alisaidia kuwaosha. Alisema baadaye kwamba alitafuta moyoni mwake ile furaha aliyoisubiri muda wote huo, na alipoipata ilikuwa ndogo, na ilikuwa baridi.

"Tutakwenda kuona kwanza," akasema.

Wakapanda kilimani, wale saba mbele, wakubwa nyuma, na Fumbwe katikati akiwa ameikunja ramani kwapani. Uani kwa Bwana Mkwiji walimkuta ajuza mdogo ameketi ukingoni mwa mto, kanga ameipandisha magotini, miguu majini, akifua. Kulikuwa na lundo la mashuka safi kando yake, yasiyohitaji kufuliwa, naye aliyapiga juu ya jiwe moja baada ya jingine kwa mkono uliojua kazi yake, akihesabu mapigo kwa ule mwimbo mfupi wa madobi wa Pindiko ambao haufundishwi mtu yeyote asiyezaliwa ukingoni.

Watu wote walisimama. Bwana Mkwiji alitazama chini.

"Mwanangu anasema mmekuja kuniondoa," Bi Mashavu alisema bila kugeuka.

"Tumekuja kuona, bibi," Kidawa alijibu.

"Basi oneni. Miaka thelathini kanifungia huku juu, nisije nikaonekana kule chini na watu wakajua mama yake alikuwa nani." Akakamua shuka, akalitupa juu ya mengine. Kisha akaugeuza uso wake, akaitazama mikono ya Kidawa kwa muda, ile mikono iliyokuwa ikipoteza rangi yake. "Wewe ni wa mashimoni," alisema. "Kaa."

Kidawa akaketi, akatia miguu majini. Ajuza alimpa ncha moja ya shuka, naye akashika ile nyingine, wakaanza kulikamua pamoja, huyu akisokota kulia na yule kushoto. Wenzake sita walisubiri. Fumbwe aliikunjua ramani juu ya nyasi, akachovya brashi, kisha akabaki ameishikilia hewani, maana kila alipotaka kuuchora mto aliuona umesogea kidogo.

"Mmeamua nini?" Bwana Mkwiji aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, na aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba njia.

Wanawake wale wawili waliendelea kuzungumza mambo ya nili na sabuni. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili, chini ya miguu yake, na hayakuonekana kuwa na nia ya kusimama.