Mtunza Nguo za Mawindo

Mokaya alitoka Kisii mwaka wa 1933 pamoja na bibi yake, Gesare, wakaandikwa kazi katika shamba la chai lililopakana na msitu, upande wa Kedowa. Gesare alitiwa katika kundi la wachumaji. Mokaya, kwa sababu hakuvuta tumbaku wala kunywa pombe, aliitwa na mwenye shamba, Bwana Tilney, akapewa kazi ambayo hakuwahi kusikia mtu akiajiriwa kuifanya: kutunza nguo zisinuke.

Bwana Tilney alikuwa mwindaji, na kitu alichokitaka kuliko chai yake yote ni bongo, yule mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni, anayekaa ndani kabisa kwenye mianzi. Alikuwa amemfuata miaka minne bila kumtia machoni. Mzee Kimaiyo, Mwokiek aliyemwongoza msituni, ndiye aliyemwambia sababu. Bongo humnusa mtu mapema, akaondoka zake taratibu. Hunusa kwake sabuni, kiko, mafuta ya taa, moshi wa jikoni.

Basi kikajengwa kibanda cha mbao ukingoni mwa msitu, mbali na jiko na zizi la farasi, na ndani yake likawekwa sanduku la bati. Mokaya alifua koti zito la sufu, suruali, soksi na kofia kwa maji ya mvua, bila sabuni. Alizianika msituni kwenye kamba, akangoja zikauke kabisa, maana zikifungiwa na unyevu zingetoa uvundo. Kisha alizikunja sandukuni juu ya majani makavu ya mianzi, na majani hayohayo akayajaza ndani ya viatu yanyonye jasho. Dawa ya nondo ilikatazwa, kwa hiyo kila wiki alizitoa nguo moja moja akazikagua kwa mkono. Gesare aliwachekesha wachumaji wenzake kwa kuwaambia kwamba mume wake ameajiriwa pua tu, mwili uliobaki ni wa bure.

Sharti lililokuwa gumu lilikuwa moja. Mokaya ndiye aliyembebea Bwana bunduki ya pili, kwa hiyo siku tatu kabla ya kuwinda alilala kibandani bila moto, akala viazi baridi, akaoga mtoni asubuhi na jioni. Nyumbani kwake hakukanyaga. Nyumba za laini, walimokaa wafanyakazi, zilikuwa za chumba kimoja, na moshi wa kuni uliingia hata kwenye nywele.

Mwezi wa nane mvua ilinyesha kila alasiri, na mvua ya mawe juu yake. Gesare alichuma akiwa amelowa hadi mifupani, akaanza kukohoa. Mokaya alipoitwa kwenda kibandani, bibi yake alimwambia aende tu, ni mafua.

Siku ya tatu Ogola, jirani yao aliyetoka upande wa ziwa, alikuja. Alisimama mbali, mahali pa mwisho alipojua anaruhusiwa kufika, akaita.

"Bibi yako ana kichomi," alisema. "Anapumua juu juu. Tangu jana hajala."

"Anaongea?"

"Anaongea. Anakuulizia wewe."

Ogola alieleza kwamba wamemwomba mnyapara gari la kumpeleka kwa daktari Kericho, naye amekataa kulitoa bila ruhusa ya Bwana. Mokaya alikwenda mbio hadi nyumba kubwa. Bwana Tilney alimsikiliza akiwa barazani, na hakumkatalia. Alisema dereva amepeleka chai kiwandani, lori litarudi kesho jioni. Kesho asubuhi wataingia msituni kama walivyopanga, kwa kuwa Mzee Kimaiyo ameona nyayo mbichi, na wakitoka tu lori litampeleka Gesare moja kwa moja. Aliahidi kwa neno lake. Halafu akamwuliza kama ameingia laini. Mokaya akajibu hapana, na Bwana akamwambia vizuri, asiingie.

Angeweza kuingia. Baadaye hilo ndilo lililomtafuna. Laini ilikuwa mwendo wa dakika chache, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Lakini alihesabu hivi: akimkasirisha Bwana, lori halitatoka, na bila lori Gesare hatafika kwa daktari. Akarudi kibandani, akaoga, akalala kwenye baridi huku akiomba Mungu.

Waliwinda siku iliyofuata, na mnyama hakuonekana. Bwana hakutaka kutoka msituni. Mokaya alipomkumbusha habari ya lori, alimwonyesha kwa kidole anyamaze. Walilala chini ya mianzi bila moto. Asubuhi ya pili, ukungu ulipoanza kuinuka, bongo alitokea hatua thelathini mbele yao, akisukuma majani kwa pembe, na upepo ukivuma kutoka kwao kumwelekea yeye. Aliinua kichwa, akanusa. Hakupata kitu. Akaendelea kula. Bwana Tilney akampiga risasi moja ya bega.

Alimshika Mokaya mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema kazi hii ni yako. Mokaya aliuliza kuhusu lori.

Walipofika shambani lori lilikuwa limesimama uani. Bwana aliamuru kichwa na ngozi vipakiwe viende stesheni ya Londiani kabla garimoshi halijapita, kwa maana ngozi mbichi ikichelewa kutiwa chumvi na kusafirishwa manyoya hunyonyoka. Lori likirudi, alisema, litampeleka mgonjwa. Mokaya alipiga magoti kwenye matope. Bwana alimwambia ainuke, ni saa chache tu.

Alikimbia laini. Ndani ya chumba Dorcus, mke wa Ogola, alikuwa amemwinua Gesare akamwegemeza kifuani pake ili apate hewa. Macho ya Gesare yalikuwa wazi lakini kwa homa hayakumwona mtu. Mokaya alipiga magoti, akamkumbatia, akamsemesha kwa Kikisii.

Gesare alipeleka uso shingoni kwake kama alivyozoea. Alivuta pumzi, fupi, mara mbili. Kisha akamsukuma kwa mikono isiyo na nguvu.

"Huyu ni nani?" alimwuliza Dorcus.

"Ni Mokaya. Amekuja."

"Si yeye," Gesare alisema. "Mwambieni mgeni atoke."

Mokaya alijipaka majivu ya mafiga mikononi na shingoni. Aliinamia moshi hadi machozi yakamtiririka, akarudi kitandani, akamwita tena. Wakati huo Gesare hakuwa anamsikia mtu. Alikufa alasiri, mvua ilipoanza. Lori lilirudi jioni.

Walimzika kesho yake nyuma ya laini, kwenye udongo mwekundu, Ogola akasoma Zaburi. Bwana Tilney alituma paja la nyama. Mokaya hakuligusa, majirani wakaligawana.

Wiki iliyofuata mnyapara alimjulisha kwamba chumba ni cha wenye ndoa na kinahitajika, kwa hiyo ahamie kwa wanaume wasio na wake. Bwana naye alitaka koti lifuliwe, lina damu. Mokaya alifikiria kurudi Kisii. Akamfikiria mama mkwe wake akimwuliza alikuwa wapi siku zile zote. Alilichukua koti, akaenda kwenye pipa la maji ya mvua, akalizamisha, akaanza kusugua.