Gome Lililotetemeka

Tangu mjomba wake aanguke kwenye mti mrefu wa shambani kwao na kuvunjika kiuno, Bantei hakuwahi kuupanda. Lakini mtambuu uliotambaa kuuzunguka ulikuwa umejaa majani yaliyokomaa, na soko lilikuwa kesho yake. Akaegemeza ngazi yake nyembamba ya mwanzi, akajifunga kapu mgongoni, akapanda. Mkewe, Daphisha, alibaki chini akikata popoo za kutafunia tambuu.

"Mbona unapanda kama bibi harusi?" akamcheka. "Chuma upesi, mvua hiyo!"

Bantei akaendelea kupanda. Huko juu akanyoosha mkono kulishika shina, mahali penye gome la kijivu lenye madoa ya kijani. Gome likatetemeka.

Akadhani ni mapigo yake mwenyewe. Akabonyeza. Likatetemeka tena, kwa kasi, na lilikuwa na joto kama kifua cha mgonjwa.

"Daphisha!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Mti huu una uhai!"

"Miti yote ina uhai, we mwanamume."

"Unapumua mkononi mwangu!"

Hapo kipande cha gome kikabanduka, kikafunua rangi ya manjano kali, kikamrukia usoni kikivuma. Bantei akaachia mkono. Mguu ukateleza, ngazi ikazunguka. Akajikuta ananing'inia kwenye mtambuu, kafumba macho, anamwita mama yake.

"Usiachie!" Daphisha alikuwa ameshaikumbatia ngazi. "Ni nondo! Kipepeo wa usiku tu, akikunja mbawa rangi yake ndiyo hiyo ya gome. Kashaenda zake. Shusha mguu wa kushoto. Tena kidogo. Hapo, umeipata ngazi."

Alishuka kipandio kwa kipandio, akaketi kwenye mizizi. Daphisha akamkunjia tambuu yenye popoo na chokaa, akamtia mdomoni. Kisha akalichukua kapu.

"Wanawake hawapandi," Bantei akasema.

"Na wanaume hawalilii mama zao."

Akapanda. Bantei akaibana ngazi kwa mikono na kifua, akitazama nyayo za mkewe zikipotelea majanini, na hofu ikamrudia, kubwa kuliko ya kule juu. Kila mwanzi ulipolia, aliikaza ngazi zaidi.

"Basi, yametosha! Shuka!" akamsihi.

Daphisha akacheka huko huko juu. Bantei hakuweza kucheka. Matone ya kwanza yakaanza kumlowesha mgongo. Hakuiachia ngazi mpaka unyayo wa mkewe ulipokanyaga udongo.