Alichosema Mpole Kuhusu Dada Mkubwa

Kampuni ya malori ilipouzwa, wenye mali wapya walikuja na programu zao, na kitengo kilichoandika zile za zamani kikafungwa siku ya Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa kitengo hicho alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita. Ofisini walimwita Dada Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya kupanga safari za malori, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mfamasia. Kwa miezi minne Dada Mkubwa aliomba kazi nchi za nje, arobaini na moja kwa jumla, akituma wasifu uleule. Majibu yalikuja matatu, yote ya kumshukuru na kumtakia kila la heri.

Jumapili moja mfamasia aliuchukua wasifu ule, akaupimapima mkononi.

"Kurasa kumi na moja. Dada, huu ni wasifu au wosia?"

"Miaka ishirini na mbili ya kazi haienei kwenye kiganja."

"Mgonjwa akija dirishani kwangu hanisimulii tangu alipozaliwa. Ananiambia panapouma."

Dada Mkubwa alinuna mpaka jioni, kisha akakaa mezani na kalamu nyekundu. Alifuta semina, vyeti vya mashine zisizotengenezwa tena na orodha ndefu ya majukumu. Palipoandikwa "kusimamia kitengo" akaeleza kwamba zamani malori yalirudi matupu safari nne katika kumi, na baada ya programu yake ikawa safari moja. Zikabaki kurasa mbili. Aliacha pia kuomba kila kazi iliyopita mbele ya macho yake. Alichagua kampuni za usafirishaji tu, zile zinazomshughulikia mgeni kibali cha kazi, na kila moja akaiandikia barua yake.

Wiki ya tatu akaitwa kwenye usaili wa video. Walimtaka aandike programu fupi huku wakimtazama. Miaka saba alikuwa kiongozi, na kuandika aliwaachia wengine. Dakika ya ishirini bado alikuwa anahangaika na mstari wa sita, na muda ukaisha.

"Nimekuwa kama kocha aliyeitwa uwanjani acheze," alimwambia mdogo wake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alitatua maswali mawili kabla ya chai, kama mwanafunzi.

Ndipo akaona tangazo la kampuni moja kubwa ya mizigo. Ilikuwa kampuni anayofanyia kazi Mpole.

Mpole alikuwa chini yake kwa miaka mitano, mkimya na hodari. Alipoomba apandishwe cheo, Dada Mkubwa alimnyima. Mwaka uliofuata akaenda zake nje, na hawakuwasiliana tena.

"Mwandikie," mfamasia alisema.

"Nianzie wapi?"

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huyu hakungoja, alipanda ndege. Sasa aliye chini ni wewe, na mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Akaandika. Siku ya nne Mpole alipiga simu, Dada Mkubwa akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Nimepata ujumbe wako. Hapa ukipendekezwa na mtu wa ndani, wasifu wako unasomwa. Usipopendekezwa, unapanga foleni na watu mia tano. Nitakupendekeza. Ila kuna fomu yenye maswali, na nitajibu kweli."

"Kweli ipi?"

"Kwamba sijaona anayeijua kazi hii kukushinda. Na kwamba nisingependa tena kuwa chini yako."

Mfamasia, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, aliinua kichwa.

"Ni kwa ajili ya kile cheo?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Cheo kilishapita. Ulinisahihisha mbele ya watu kila Jumatatu, miaka mitano. Karibu mara zote ulikuwa sahihi. Lakini kuna Jumatatu nilifika ofisini nimeshatapika njiani."

"Hukuniambia."

"Ungenisikiliza?"

"Hapana," Dada Mkubwa alisema. "Nisamehe, Mpole. Andika kama ulivyosema."

Waliomsaili safari hii walikuwa watatu. Walimpa programu yenye kasoro. Dakika ya tisa aliiona, akaandika marekebisho bila kusita. Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Aliyekupendekeza hashauri upewe watu wa kuwaongoza. Unasemaje?"

Alikuwa ametayarisha jibu refu. Hakulitumia.

"Amesema kweli. Niliwasahihisha watu kama ninavyosahihisha programu. Programu haioni aibu."

"Na sasa?"

"Sasa naomba kazi ya kuandika programu."

Baada ya wiki mbili wakamletea mkataba. Hakuwa na mtu chini yake hata mmoja. Aliyeumia zaidi ni mfamasia.

"Ukuu wote ule, ukaamriwe na watoto?"

"Hawajaniamuru bado," Dada Mkubwa alisema. Aliusoma mkataba mara mbili, akaandika kuuliza kibali chake kitakuwaje kazi ikikoma ghafla, akangoja mpaka wakamjibu kwa maandishi. Ndipo akatia sahihi.

Huko alipewa meza karibu na dirisha linalotazama uwanja wa makontena. Kiongozi wake alikuwa na miaka thelathini na moja. Mpole alikuwa ghorofa mbili juu. Siku ya tatu alishuka, kikombe mkononi.

"Umezoea, Dada?"

"Baridi bado. Kazi ni ileile."

Mpole akasema ana kikao, akapanda tena. Hawakuwa marafiki, na hawakuja kuwa. Lakini kabla mwezi haujaisha, Mpole alikwama kwenye hesabu za njia, akamtumia swali. Dada Mkubwa aliandika jibu la sentensi tatu, akalisoma tena taratibu, akafuta neno moja kali, kisha akalituma.